Bwana Kioo na Herufi za Kaka Yake

Wapo waliozaliwa na bahati, na wapo waliozaliwa na kiherehere. Huyu fundi alizaliwa na vyote viwili, ila kiherehere ndicho kilichotangulia kutoka, bahati ikafuata nyuma inachechemea.

Kazi yake ilikuwa kupaka rangi fremu za baiskeli, na jina la Bwana Kioo hakupewa na mama yake. Alipewa na mtaa. Fremu ikitoka mikononi mwake, mtu aliweza kunyoa ndevu mbele yake asijikate. Jogoo wa jirani alipigana na fremu moja nyeusi tangu asubuhi mpaka jua la utosi, akidhani amepata mwenzake, hadi akadondoka kwa uchovu, na mwenyewe akaona heri amchinje kuliko kumuuguza. Nzi nao walikuwa wakitua pale wanateleza na kuvunjika viuno. Habari ya nzi ni ya kuambiwa tu, lakini mchuzi wa yule jogoo ulinywewa na watu wazima wenye akili zao, kwa hiyo usibishaniwe.

Karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati pande tatu, na upande wa nne ni pazia la nailoni la kuzuia vumbi. Kabla ya kupuliza rangi alimwaga maji sakafuni ili vumbi lilale. Kisha akaitundika fremu kwa ndoano mbili alizokunja kutoka kwenye spoku, akajifunga kitambaa puani, akaishika pampu ya kupulizia kama anayeshikishwa mtoto wa watu. Kwa pampu hiyo alilea watoto wanne, akaezeka nyumba, akamnunulia mkewe cherehani. Mkono wake haukuwa wa mchezo. Mdomo wake nao haukuwa wa mchezo.

Kaka yake mkubwa alikuwa kinyume chake. Huyo alikuwa na maneno machache kiasi kwamba ukimsalimia asubuhi jibu linakufikia mchana, ukiwa umeshasahau uliuliza nini. Yeye alikuwa mwandishi wa vibao: majina ya maduka, namba za milango, maneno ya kwenye mikokoteni. Wazazi wao walipofariki, kaka alikuwa na miaka kumi na tisa na mdogo wake kumi. Ndiye aliyemwogesha, ndiye aliyemfundisha kusoma kwa kumpitisha mbele ya vibao vya maduka, na ndiye aliyemtia brashi ya kwanza mkononi. Bwana Kioo alilijua hilo. Hakulisahau hata siku moja, isipokuwa siku aliyotakiwa kulikumbuka.

Mgongo wa kaka ulipoanza kuuma, hakuweza tena kuinama kuandika kwenye mabomba ya baiskeli. Akabuni njia. Mezani kwake alipaka karatasi gundi ya wanga, ikikauka anapitisha vanishi nyembamba, halafu anaandika herufi juu yake kwa brashi ya nywele sita. Fremu ikiwa tayari na rangi imekauka, karatasi inalowekwa kwenye bakuli la maji, gundi inalegea, na herufi zinateleza kutoka kwenye karatasi kuhamia kwenye chuma, kama mtoto aliyelala anavyohamishwa kitandani asiamke. Watu waliziita stika za kaka.

Shida ni kwamba stika za kaka zikikauka zilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Goti la mwendeshaji likizisugua zinatoka, mvua ikizipiga zinabanduka. Lazima zifunikwe na vanishi. Na mtego uko hapo hapo, maana vanishi inayozilinda ndiyo hiyo hiyo inayoweza kuziua. Ndani yake mna tina, ile dawa ya kuzimulia rangi, na tina huyeyusha wino. Ukiimwaga nyingi kwa mara moja, herufi inainywa, inalewa, inaanza kutembea.

Kaka alikuwa na kanuni yake, na hii ndiyo hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa: umande, manyunyu, mvua. Kwanza unapuliza umande, pampu iko mbali, yaani ni ukungu tu unaopita. Unangoja ukauke mpaka mgongo wa kidole usinate. Unapuliza umande tena, unangoja. Halafu manyunyu, unangoja. Ndipo unaleta mvua, lile tabaka zito linalogeuka kioo. Kutoka umande mpaka mvua ni nusu siku nzima ya kukaa na kutazama fremu kama mgonjwa. Maneno hayo kaka aliyaandika kwenye ubao mwembamba, na Bwana Kioo akaupigilia ukutani juu ya pampu. Kila mteja alisomewa. Yaani hata ukienda kuomba kiberiti ulitoka unajua umande ni nini.

Basi mwaka huo mikono ya kaka ikaanza kutetemeka. Si sana, kikombe kilifika mdomoni, ila chai ya juu ilibaki njiani. Akaanza kutumia kijiti cha kuegemezea mkono, chenye kichwa kilichofungwa kitambaa laini ili kisikwaruze kazi. Kwa kijiti hicho bado aliandika herufi zilizosimama wima kama askari, ila neno lililokuwa likimchukua saa moja sasa lilimchukua siku mbili. Hakumwambia mtu. Bwana Kioo aliona, naye akanyamaza, maana kuna mambo ukiyataja unayaongezea mguu.

Hapo ndipo alipokuja mpeleka barua.

Alikuwa amestaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kugonga milango, na ile baiskeli ya kazini akapewa iwe yake. Ilikuwa imechakaa, kutu imeila mpaka inaonekana kama mkate. Akataka ipakwe kijani kibichi, na kwenye bomba la juu yaandikwe maneno aliyoyachagua mwenyewe: NIMEGONGA MILANGO YOTE. Alisema akifa atafurahi baiskeli iendelee kusema badala yake.

Kaka aliziandika herufi hizo kwa siku tisa. Alizileta mwenyewe ndani ya bahasha, akaiweka kwenye benchi, akasema, "Hizi nimezipenda." Kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa sawa na kupiga ngoma barabarani. Akaenda zake.

Bwana Kioo alikwangua kutu, akapiga msasa, akapaka rangi ya chini, akapaka kijani. Aliacha siku tatu ikauke. Akazilowesha stika, akaziteleza mahali pake, akazikamua maji kwa kitambaa cha pamba, akaziacha usiku na mchana. Mpaka hapo hakuna wa kumlaumu. Malaika wa ufundi alikuwa bado amekaa begani kwake.

Asubuhi ya vanishi mpeleka barua alikuja kutazama, na hakuja peke yake. Alikuja na jirani zake wawili waliokuwa hawajawahi kuona kioo kikizaliwa. Mziba pancha wa kando ya karakana naye akaacha tairi lake kwenye karai la maji, akaja kuegemea nguzo. Huyo mziba pancha alikuwa na ulimi unaoweza kutoboa tairi bila msumari. Akawaambia wageni wakae vizuri, wachukue na matandiko, kwa sababu Bwana Kioo ana umande wake, na umande huo ukianza kukauka watu wana muda wa kuoa na kutaliki.

Wageni wakacheka. Bwana Kioo naye akacheka, lakini lile cheko lilimshuka vibaya. Alitazama nyuso nne zinazongoja, akaona aibu kuwafanya watazame ukungu kwa nusu siku. Akaongeza tina kwenye vanishi ili iteleze vizuri. Akasema fundi wa kweli, hewa ikiwa kavu kama leo, hahitaji kunyonyesha kazi. Akaisogeza pampu karibu, akapuliza mvua.

Ilikuwa nzuri, jamani. Kwa muda wa kuhesabu mpaka ishirini ilikuwa fremu nzuri kuliko zote zilizowahi kuning'inia pale. Kijani kilikuwa kirefu kama kisima. Mpeleka barua alivua kofia.

Halafu ile N ya kwanza ikajikunja pembeni, kama ngozi ya juu ya maziwa yanayopoa. I ikaegemea. M ikavimba. Herufi zikaanza kushuka chini ya bomba mojamoja, zikiburuta mikia, na Bwana Kioo akasimama na pampu mkononi anazitazama zikihama mbele ya macho yake, asijue azishike na nini. Zilipotulia, pale palipokuwa na maneno palikuwa na kitu kama nyayo za kuku aliyekanyaga wino.

Mpeleka barua alikuwa bado ameishika kofia.

Na hapa ndipo ulimi wa Bwana Kioo ulipomtangulia, kama kawaida yake, ila mara hii ulikwenda mahali usipoweza kurudi kwa miguu yake. Alisema, "Ni wino. Wino wa kaka siku hizi si ule. Mzee mikono inatetemeka, vipimo vinamponyoka, mimi nifanyeje?"

Alilisema kwa huzuni hasa, akitikisa kichwa, kama anayemwonea kaka yake huruma. Wageni nao wakatikisa vichwa. Mziba pancha hakutikisa cha kwake. Alitazama ubao ukutani, akatazama pampu, akarudi kwenye karai lake la maji. Mpeleka barua alisema pole nyingi, akasema uzee ni mwizi, akaenda.

Jioni hiyo Bwana Kioo alikula vizuri. Ndilo lililokuja kumuuma baadaye kuliko mengine yote, kwamba alikula vizuri na akaongeza.

Kesho yake kaka alikuja karakanani. Alisimama nje ya pazia la nailoni mpaka mdogo wake alipoona kivuli. Alikuwa amevaa shati la safari.

"Nimesikia," kaka alisema. "Nimetoka kwa mpeleka barua, nimemwomba radhi. Na wewe nisamehe, mdogo wangu. Nimekuaibisha mbele ya wateja wako."

Bwana Kioo alifungua mdomo. Palikuwa na nafasi hapo, kubwa kama mlango wa ghala, na neno moja tu lingetosha kupita. Badala yake akasema, si kitu, kaka, ni mambo ya kawaida. Kaka akamshukuru. Akamshukuru, mnasikia, akageuka na kuondoka polepole, mkono mmoja ameushika kwa mkono wa pili.

Tangu hapo Bwana Kioo hakuongeza tena mezani. Chakula kikawa majivu. Akipiga msasa anasikia sauti ya kaka inasema nisamehe. Akimwaga maji sakafuni anauona uso wa kaka ndani yake. Akahamisha pampu upande wa pili wa kibanda ili asikae chini ya ule ubao. Ubao ukawa unamtazama kwa ubavu.

Akajipa moyo kwa njia ya waongo: akaanza kujiuliza kama huenda ni kweli. Huenda wino ulikuwa na kasoro. Kaka si mzee? Mikono si inatetemeka? Akaikumbuka bahasha. Kaka alikuwa na desturi ya kuandika herufi mbili za akiba kila kazi, ikitokea moja imechanika. Akaipekua, akazikuta chini kabisa, G na M, zimelala juu ya karatasi yake.

Akafunga pazia kama mtu anayetaka kuoga. Akachukua kifuniko cha kopo la rangi, akakipaka kijani kile kile, akangoja siku tatu. Akaiteleza ile G juu yake. Akangoja tena. Kisha akachanganya vanishi ile ile, na tina ile ile aliyoizidisha, akapuliza umande. Akakaa juu ya ndoo. Na pale juu ya ndoo, mtu mzima mwenye watoto wanne, aliomba. Hakuomba iwe salama. Aliomba iharibike. Aliiomba ile herufi ndogo ya kaka yake ijikunje na kutembea, ili yeye apate usingizi.

Umande ukakauka. Umande wa pili ukakauka. Manyunyu. Mvua.

G haikutikisika. Ilikaa pale chini ya kioo, wima, nyeusi, na kamkia kake kamepinda vizuri kama sikio la kikombe. Wino ulikuwa mzima. Ulikuwa mzima tangu mwanzo, na kama ungekuwa na miguu ungetoka kwenda kushitaki.

Alikifunga kifuniko hicho kwenye gazeti, akaenda nacho nyumbani, akakificha nyuma ya debe la maji. Sasa, nyumba yenye cherehani haina maficho, kwa sababu sindano ikianguka mwenye nyumba anapekua mpaka msingi. Siku ya pili mkewe aliingia nacho mkononi, akakiweka mezani, herufi juu.

"Baba watoto," alisema, "wino mbovu unang'aa hivi?"

Bwana Kioo alianza kueleza habari za hewa, na ukavu wa siku ile, na tofauti ya chuma na bati. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema yeye hajui vanishi, yeye anashona tu, akarudi kwenye cherehani yake. Akaikanyaga tangu alasiri mpaka magharibi bila kusema neno jingine, na wala hapakuwa na nguo chini ya sindano. Alikuwa anashona hewa. Kelele ile iliingia kwenye meno ya mume wake.

Kabla ya cherehani kunyamaza, Bwana Kioo alikuwa ameshavaa viatu. Alikitia kifuniko ndani ya shati, kikamganda tumboni baridi kama chura, akaenda kwa kaka.

Alimkuta amekaa kwenye kochi, mikono imelala mapajani. Meza ya kazi ilikuwa tupu. Juu yake palikuwa na vitunguu vimeanikwa. Chupa za wino zilikuwa zimefungwa kwenye boksi, boksi limefungwa kamba, kamba imepigwa fundo la mtu asiyetaka kufungua tena. Kaka alimwambia, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba mwenye duka la vitambaa alikuja jana kutaka kibao, naye amemrudisha. Alimwambia watu wasilipie kazi ya mkono uliochoka.

Bwana Kioo hakujua atazame wapi, akatazama dirishani. Dirisha lile bawaba yake ilikuwa mbovu miaka mingi na lilikuwa halisimami wazi lenyewe. Siku hiyo lilikuwa wazi, limeegemezwa kwa kijiti. Kijiti chenye kichwa cha kitambaa laini.

Alikitambua. Akakaa chini sakafuni, mahali alipokuwa akikaa alipokuwa na miaka kumi. Akatoa kifuniko ndani ya shati, akakiweka miguuni kwa kaka yake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akakosa maneno ya kutangulia nayo.

Kaka alikiokota. Alikigeuzageuza kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba juu ya ile G, mara moja, mara mbili. Kitunguu kimoja kiliviringika mezani kikaanguka na hakuna aliyekiokota.

"Siku ile ulianza na nini?" kaka aliuliza.

"Mvua."

"Mbele ya watu wangapi?"

"Wanne. Na mziba pancha akiwemo."

"Mziba pancha mmoja ni watu kumi," kaka alisema. Hakucheka, lakini hakutukana pia, na Bwana Kioo angetoa pampu yake ili atukanwe. Kaka aliendelea kukitazama kifuniko. "Mimi nilikuamini, unajua. Nilikaa hapa nikanusa chupa zangu moja moja, natafuta kosa langu. Usiku nilikuwa nahesabu matone. Nikasema labda na akili nayo inatetemeka."

Mdogo wake alilia hapo sakafuni, bila sauti, kwa kuona aibu hata ya kulia. Kaka alimwacha alie. Halafu akamwambia maneno aliyasemea mbele za watu, basi akayalie huko huko.

Asubuhi yake Bwana Kioo alimwita mpeleka barua na wale jirani wawili. Mziba pancha hakuhitaji kuitwa. Bwana Kioo alisimama mbele yao, chini ya ule ubao, na akasema yote: kwamba wino ulikuwa mzima, kwamba alianza na mvua, kwamba alizidisha tina ili aonekane, kwamba alimsingizia kaka yake aliyemlea. Masikio yalimwaka moto. Watu wanasema nailoni ya pazia ilijikunja kwa joto la masikio hayo, na walioiona baadaye hawakukanusha.

Mziba pancha alitikisa kichwa taratibu. "Mimi niliona siku ile ile, fundi," alisema. "Nilikuwa nangoja upepo utoke wenyewe."

Mpeleka barua yeye alikuwa anahesabu kwa vidole. Mwishoni akasema jambo ambalo Bwana Kioo hakulitegemea: kwamba wiki ile yote alikuwa anazunguka kuaga watu wa njia yake ya zamani, na kila mlango walimwuliza baiskeli iko wapi, naye akawaeleza kwamba mwandishi wa vibao mikono imekwisha, wasimpelekee tena kazi. Alisema kwa nia njema. Milango arobaini na mitatu.

"Mimi nimestaafu," alisema. "Lakini barua hii nadhani ni yako, fundi. Njoo nikuonyeshe njia."

Wakaenda kwa miguu, kwa sababu baiskeli ilikuwa bado inaning'inia uchi. Mpeleka barua aligonga, akasema hodi, akasogea pembeni. Bwana Kioo akabaki mbele ya mlango na maneno yake. Mlango wa kwanza alisema kwa kirefu, akitafuta pa kujifichia. Alieleza hewa, akaeleza tina. Mwenye nyumba akauliza, kwa hiyo nani alikosea? Kufika mlango wa kumi alikuwa amejifunza kufupisha: wino wa kaka ni mzima, aliyeharibu ni mimi, nilisema uongo. Wengine walimhurumia, na hao ndio waliomuumiza. Bibi mmoja alimfanya arudie mara tatu, akidai hasikii vizuri, na alikuwa anasikia vizuri sana. Kwenye mlango wa thelathini kulikuwa na mbwa aliyekuwa amemng'ata mpeleka barua kila mwaka kwa miaka kumi na minne. Siku hiyo alimpita mpeleka barua bila hata kumnusa, akaenda moja kwa moja kwenye shavu la mguu wa Bwana Kioo. Mbwa naye alikuwa amesikia habari.

Alirudi jioni anachechemea. Alipita kwa kaka kumwambia kazi imekwisha, akakuta vitunguu vimeondolewa mezani. Kaka alikuwa anahangaika na lile fundo la kamba kwenye boksi, mikono inamkatalia. Bwana Kioo alipiga magoti akalifungua kwa meno.

Herufi mpya zilichukua siku kumi na nne. Hazikuwa kama zile. O ya mwisho ilikuwa imepinda kidogo, na G ya pili ilikuwa na mtetemo shingoni, mdogo, unaoonekana kwa anayetafuta tu. Kaka alitaka kuichana, mpeleka barua akakataa. Alisema hata yeye mlango wa mwisho aliugonga mkono ukitetemeka.

Siku ya vanishi kaka aliletewa kiti ndani ya pazia. Bwana Kioo alikuwa ameshakwangua, ameshapaka, ameshaweka stika, na sasa akasimama na pampu, na mikono iliyokuwa ikitetemeka ilikuwa ya kwake. Akapuliza umande. Akaweka pampu chini, akangoja, na hakusema neno hata moja, hata mziba pancha alipochungulia kuuliza kama kuna mgonjwa. Umande tena. Manyunyu. Jua lilipita kutoka bati moja hadi la pili. Alipomaliza mvua, kaka aliinuka, akausogeza uso wake kwenye fremu, akajiona humo, na herufi zake zimepita katikati ya paji la uso wake bila kusogea.

"Haya," alisema, akaenda kuandika kibao cha duka la vitambaa.

Jina la Kioo lilikufa wiki hiyo hiyo. Mtaa mzima sasa wanamwita Bwana Umande, na watoto humpulizia midomo akipita, pfff, pfff. Anaitika. Baiskeli ya kijani ikipita mbele ya karakana, mpeleka barua hupiga kengele, na yeye huinua mkono bila kuinua macho, akijifanya anatafuta kitu kwenye benchi. Miaka imepita na bado anakitafuta.

Ila siku moja, bila kuitwa, alikwenda nyumbani kwa kaka na bisibisi na bawaba mpya mbili. Alilishusha dirisha lile, akabadilisha bawaba, akaweka na ndoano ndogo ya kulishikilia wazi. Ndoano hiyo aliipaka rangi kwanza, umande, umande, manyunyu, mvua, siku nzima kwa kitu cha ukubwa wa kidole. Alipomaliza alilifungua dirisha, akaliacha, likasimama lenyewe. Kaka aliinua macho kutoka kwenye kibao alichokuwa akiandika, akasema liko sawa, na kile kijiti hakikuondoka mkononi mwake.